Mlinzi wa Mapigo Hamsini

Mahali alipozaliwa nimetajiwa mara tatu, na kila mara pakawa pengine. Kwa hiyo sitapataja. Ukoo wake pia nauacha, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuzungumza na mimi sikumuuliza. Ninayoyaandika ni yale niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka ishirini na mbili ya ujirani, pamoja na machache niliyosimuliwa na watu wawili waliokuwapo, kila mmoja kwa wakati wake, maneno yao yakalingana. Mengine yote yanayosemwa juu yake kijijini kwetu, likiwamo lile la jini aliyefungiwa ndani ya mtambo, sina haja nayo.

Sote tulimwita Msimamizi. Alisimamia mtambo wa umeme: injini moja kubwa ya dizeli ndani ya nyumba ya matofali, mwendo kidogo nyuma ya kiwanda cha barafu, kusini ya Ushongo, mahali ambapo waya wa gridi ya taifa haujafika mpaka leo. Injini ile ndiyo iliyowasha taa zetu, ikasukuma maji, ikagandisha barafu ya samaki, na katika miaka ya karibuni ikaendesha mashine ya oksijeni ya zahanati. Hiyo ya mwisho naitaja mapema kwa sababu mke wangu ana ugonjwa wa mapafu. Mara tatu au nne kwa mwaka kifua humbana, hulazwa zahanati siku kadhaa, na pumzi yake hutegemea mashine hiyo, nayo mashine hutegemea waya. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na nne, na umeme niliufundisha kwa chaki. Kuuhofia nilijifunza uzeeni, nikiwa nimekaa kando ya kitanda.

Katika chumba cha mtambo palikuwa na saa ya ukutani isiyokuwa na betri wala ufunguo wa kuijaza. Ilichomekwa kwenye umeme wenyewe na kuhesabu mapigo yake, hamsini kwa kila sekunde. Mapigo yakipungua, saa huchelewa, yakizidi, hukimbia. Kila siku saa moja asubuhi Msimamizi alisimama mbele yake, redio ndogo sikioni, akingojea milio ya saa kabla ya taarifa ya habari. Kisha aliandika katika daftari la zamu: nyuma sekunde tisa, mbele sekunde nne. Ikiwa nyuma, aliiongezea injini mafuta kidogo, kidogo sana, mpaka saa irudi mahali pake. Niliwahi kumwambia kwamba wanakijiji hawana habari na sekunde tisa. Akanijibu bila kunitazama: "Mwalimu, wewe umeme umeuona ubaoni tu."

Kejeli hiyo alinirudia nayo kwa miaka yote.

Hakuwa mtu wa kukaa naye kwa raha. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi, aliinua kichwa asikilize feni. Kwenye hitima ya jirani yetu mmoja, msomaji akiwa katikati, feni ilibadilisha sauti kidogo. Msimamizi akainuka, akawavuka watu magoti yao, akatoka. Wengi walimlaumu kwa utovu wa adabu. Mimi nilimfuata mpaka mtamboni, nikamkuta ameshika kibao cha swichi kwa mkono mmoja na kwa mwingine anajifuta jasho. Mkanda wa pampu ya mafuta ulikuwa umeanza kuteleza. Nilipomuuliza alijuaje, alionekana kushangaa, kama mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba ameitwa jina lake.

Nyumbani kwake hapakuwa na friji. Yeye aliyelisha mafriji ya kijiji kizima alikunywa maji ya mtungi, na mkewe alilalamika hadharani juu ya jambo hilo. Aliniambia sababu mara moja tu: angekuwa na friji lake, siku ya upungufu angelifikiria hilo kwanza, na mkono wake ungekata laini za umeme kwa upendeleo. Ndivyo alivyokuwa mkali juu ya nafsi yake. Juu ya mafundi waliokuwa chini yake alikuwa mkali zaidi. Fundi mmoja alichukua fyuzi stoo akaenda kuifunga nguzo ya mwisho, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Aliporudi Msimamizi alifungua daftari, hakuiona, akamwambia arudi akaitoe, aje kwanza aandike, kisha aipeleke tena. "Hukuandika, hukufanya," alisema. Fundi alikwenda. Neno hilo nilimsikia akilisema mara nyingi hata nikaacha kulihesabu, na nililipenda, kwa sababu darasani mimi pia sikukubali jibu lisiloonyesha njia yake.

Lakini jambo alilolifanya kwa ustadi kuliko yote halikuandikwa popote. Ni la mwezi wa Ramadhani. Magharibi inapoadhiniwa, kijiji kizima huwasha kila kitu kwa pamoja: taa, feni, birika za chai, blenda za juisi, televisheni. Mzigo ambao siku nyingine hupanda taratibu kwa saa moja, siku hizo hupanda kwa muda wa kusema Allahu Akbar. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya kuandama mwezi, Msimamizi alikwenda kwa miguu mpaka kiwanda cha barafu na kukumbushana na mkuu wa pale kwamba kompresa, ile mashine ya kugandishia, isiwashwe tangu alasiri mpaka watu watoke tarawehe. Yeye mwenyewe hakufuturu nyumbani hata siku moja. Alifuturu mbele ya injini, tende mkono wa kushoto, mkono wa kulia kwenye gavana, yaani kifaa cha kuongeza na kupunguza mwendo.

Nilikwenda kumtazama mara moja. Adhana ilipoanza, injini iliguna, ikazama. Ubavuni mwake lilizunguka gurudumu zito la chuma, lenye urefu wa kunizidi mimi, nalo halikutaka kupunguza mwendo. Uzito wake uliivuta injini iendelee kuzunguka huku mzigo ukiirudisha nyuma. Msimamizi aliweka tende kinywani, akatafuna, akameza, ndipo akaongeza mafuta. Mapigo yakarudi hamsini.

"Gurudumu ndilo linaloshika kwanza," aliniambia. "Mimi nafuata. Linanipa muda wa kumeza tende."

Kisha kampuni iliyomiliki mtambo ikaleta paneli za jua na kontena lililojaa betri, na pamoja navyo mhandisi, binti wa Kishambaa kutoka upande wa Lushoto, Mlutheri, mtulivu, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho. Alimwamkia Msimamizi shikamoo kila asubuhi kabla ya kugusa kitu chochote. Injini ikazimwa. Kijiji kikafurahi, kwa kuwa moshi ulikwisha na kelele zilikwisha, na mimi nilifurahi kwa sababu mashine ya mke wangu haikukoroma tena kila kompresa ilipoanza. Saa ya ukutani haikukosea hata sekunde moja kwa miezi mitatu. Msimamizi aliendelea kuiandika kila asubuhi: sawa, sawa, sawa.

"Haikosei tena," aliniambia siku moja, uso wake umekunjamana. "Ndilo linalonitia hofu. Zamani ikianza kuugua naiona. Hii itakuwa nzima, kisha itakuwa imekufa."

Nilipeleka hofu hiyo kwa Mhandisi, kwa kuwa sikutaka kuibeba bila kuipima. Hakuicheka. Alieleza kwamba betri haina chuma kinachozunguka. Umeme wake hupitia kifaa kinachoitwa inveta, kinachotengeneza mapigo hamsini kwa hesabu. Inveta huweza kuitikia haraka kuliko injini yoyote, na yeye ameiagiza iige gurudumu zito. Lakini ina kikomo cha mkondo inaoweza kuutoa kwa mara moja, na ikifikia hapo haitoi zaidi, hata kama betri zimejaa. Kwa sababu hiyo ameweka kinga: mapigo yakishuka chini ya kipimo fulani, mtambo wenyewe utakata laini mojamoja mpaka yatulie. Laini ya tatu kwanza, kwa kuwa ni ya barafu, na barafu huweza kungoja. Kisha ya pili, ya majumba. Ya kwanza, yenye zahanati na pampu ya maji, isikatwe kamwe.

"Umejuaje zahanati iko laini ya kwanza?" nikamuuliza. Nilikuwa na sababu ya kuuliza.

Akanionyesha mchoro ukutani. Msimamizi alimchorea kwa siku tatu, kwa rula na wino, nguzo kwa nguzo, maandishi yake yamesimama wima kama ya mtihani. Nilipouona moyo wangu ulitulia. Nilimjua mwandishi wake.

Wakati huohuo kampuni ilikuwa inatafuta mtu wa kuikata injini vipande iuzwe chuma chakavu. Kila Alhamisi Msimamizi, bila kuagizwa na mtu, aliipaka grisi na kulizungusha gurudumu kwa mtaimbo, robo duara leo, robo duara Alhamisi ijayo, lisigande mahali pamoja. Mafundi walimtania kwamba anamwogesha maiti.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka wa pili wa betri, mke wangu alilazwa siku nne. Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo tunayemwita Sista, alinifuata ukumbini akaniambia: "Baba, kompresa ya kiwandani ikianza, taa zetu zinashtuka. Za dukani ng'ambo hazishtuki. Watu wanasema tuko waya mmoja na barafu." Nilimuuliza ni watu gani. Hakuwa na majina. Nikamwambia kwamba mchoro upo, umechorwa na mtu asiyekosea, na kwamba mgonjwa hatibiwi kwa maneno ya watu. Aliitikia "haya baba" na kurudi wodini. Sikulifikiria tena. Katika maisha yangu nimekataa uvumi mara nyingi, na mara nyingi nilikuwa sahihi.

Ramadhani ilipoandama, Msimamizi hakwenda kiwanda cha barafu. Mwaka uliotangulia mkuu mpya wa pale alimwambia kwa heshima kwamba betri hazihitaji mapatano ya wazee, na kwa bahati kompresa ilikuwa matengenezoni mwezi ule mzima. Nadhani aliumia. Safari hii alinyamaza, akaanza kufuturu nyumbani na familia yake kama watu wengine. Mhandisi hakujua lolote juu ya mapatano yale, kwa kuwa hayakuwa katika daftari lolote.

Ilikuwa siku ya kumi na kitu. Masika yalikuwa yamewahi, na mawingu hayakuondoka siku tatu. Mke wangu alikuwa kitandani zahanati, mrija puani. Nilikuwa na tende na maji ya kufuturia juu ya stuli. Adhana ikaanza, nikasikia kompresa ya kiwandani nayo ikinguruma. Taa ilishtuka mara moja, ikazimika. Mashine ya oksijeni ilipiga mlio mrefu wa kuonya, na chini ya mlio huo sauti yake ya kawaida, ile niliyokuwa nimeizoea kama pumzi ya mtu aliyelala, ikakoma.

Sista alikuja na mtungi wa akiba wa oksijeni, akaufungua, akausoma, akanitazama. Sindano ya kipimo chake ilikuwa kwenye nyekundu. "Dakika chache, baba," alisema. Alihamishia mrija huko. Nilimshika mke wangu mkono. Midomo yake ilianza kubadilika rangi, na macho yake yalikuwa kwangu, siyo kwa hofu, bali kwa swali, kama mwanafunzi anayengojea mwalimu aeleze. Nilitazama dirishani. Duka la ng'ambo lilikuwa linawaka taa. Msikiti ulikuwa unawaka. Kijiji kizima kilikuwa kinawaka, watu wanafuturu, isipokuwa kiwanda cha barafu na sisi. Hapo nilielewa, na nilielewa pia kwamba nilikuwa nimeshaelezwa.

Yaliyotokea kwenye mtambo sikuyaona. Nimeyapata kwa Mhandisi siku ya pili, na kwa Msimamizi baadaye sana, wala hawakutofautiana. Msimamizi alikuwa barazani kwake. Aliona zahanati giza na majumba taa. Alikimbia, mtu wa miaka sabini na zaidi, kandambili moja imebaki njiani, tende haijamezwa. Mhandisi alikuwa mbele ya kioo chake, ameridhika kwamba kinga imefanya kazi kama alivyoiagiza.

"Rudisha laini ya tatu," Msimamizi alisema.

"Ya tatu ni barafu tu, baba. Tungoje mzigo utulie."

"Zahanati iko laini ya tatu."

"Mchoro wako unasema ya kwanza."

"Mchoro wangu ni mwongo. Rudisha, binti yangu, watu wanakufa."

Mhandisi hakubishana. Alipiga simu kiwandani kompresa izimwe, isije ikaiangusha laini tena ikirudi, hawakupokea. Msimamizi akatoka tena, akakimbia mpaka kiwandani, akavuta swichi ya kompresa kwa mkono wake mbele ya mkuu wa pale aliyekuwa na kikombe cha uji. Laini ikarudishwa. Kwa saa yangu ya mkononi zilipita dakika kumi na moja. Sindano ya mtungi ilikuwa imelala kabisa Sista aliporudisha mrija kwenye mashine.

Betri, Mhandisi alinionyesha, zilikuwa na umeme wa kutosha mpaka alfajiri. Kilichokosekana ni ule muda wa kumeza tende.

Na mchoro? Miaka tisa kabla, mvua iliangusha nguzo ya laini ya kwanza nyuma ya zahanati. Ndani palikuwa na mwanamke anajifungua. Msimamizi alipanda nguzo iliyokuwa karibu, ya laini ya tatu, akaifunga zahanati hapo kwa muda, mpaka nguzo mpya ije. Nguzo ilikuja. Waya haukurudishwa, na daftari la zamu, ambalo Mhandisi alilipekua ukurasa kwa ukurasa, halina hata mstari mmoja. Kwa miaka yote hiyo haikudhuru, kwa sababu laini zilikatwa kwa mkono wake, na mkono wake ulijua. Alipoketi kuchora, alichora laini kama zinavyostahili kuwa.

Jioni ile alikuja mpaka mlango wa zahanati, mguu mmoja mtupu, umejaa matope. Hakuingia. Alimtazama mke wangu akivuta pumzi, akahesabu, niliona midomo yake ikihesabu, kisha akaondoka. Ningeweza kumwita. Sikumwita, na yeye alidhani ni hasira.

Baada ya Idi alihamia Tanga mjini, Usagara, kwa binti yake. Mhandisi aliirudisha zahanati laini ya kwanza mchana kweupe, watu wakishuhudia, akaiwekea na betri yake yenyewe. Mapatano ya kompresa aliyaandika na kuyabandika mlangoni kwa mkuu wa barafu. Injini haikukatwa, Ramadhani iliyofuata iliwashwa kila siku robo saa kabla ya magharibi, gurudumu lizunguke bega kwa bega na betri. Mhandisi alitaka pia kutundika mchoro mpya, lakini alikataa kuutundika kabla ule wa zamani haujasahihishwa na mwenyewe aliyeuchora. Akaniomba niupeleke.

Nilikwenda mwezi uliopita. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mto mgongoni, na ukutani mbele yake ile saa ya mtambo, imechomekwa kwenye umeme wa mji. Hakunisalimia kwanza.

"Mama yupo nyumbani au zahanati?"

"Zahanati, tangu Jumatatu."

"Laini gani?"

"Ya kwanza."

"Umeambiwa au umeona?"

"Nimeufuata waya kwa miguu, nguzo kwa nguzo."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikunjua mchoro juu ya mkeka, nikampa kalamu. Aliishika kwa mkono wa kushoto, ule wa tende, na maandishi yaliyokuwa yamesimama wima sasa yalilala ovyo. Aliandika: zahanati, laini ya tatu, nilihamisha mimi, sikuandika. Ilimchukua muda mrefu. Kisha akasema, kama anayezungumza na karatasi, kwamba kinachomnyima usingizi si kosa lenyewe, ni kwamba katika miaka tisa hakuna hata mtu mmoja aliyeligundua akamwambia.

Ningeweza kunyamaza. Mtu yeyote angesema ni huruma.

"Niliambiwa mimi," nikasema. "Sista aliniambia, mwezi mmoja kabla. Nikamjibu kwamba ni maneno ya watu."

Alinigeuzia jicho la kushoto, lile lililobaki zima. Binti yake aliingia na chai, akatuona, akaiweka chini, akatoka.

"Umeandika?"

"Sijaandika."

Akanisukumia kalamu juu ya mkeka. Niliandika chini ya mstari wake, kwa mkono ule ule nilioandikia ubaoni miaka thelathini na nne: Sista aliniarifu, sikwenda kuona. Nikaweka jina. Alivuta karatasi karibu na uso, akasoma, midomo ikitembea, akairudisha na kunionyesha kwa kidole nafasi iliyobaki pembeni. Alitaka tarehe na saa.

Niliinua macho kutazama ukutani.

"Aka, Mwalimu," alisema. "Tazama ya mkononi. Hiyo iko nyuma sekunde sita."